Je, mchungaji Tommy Douglas aliuacha wito alipoingia siasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha theolojia, na nimepewa zamu ya kuzungumza na vijana wa kanisani kwetu juu ya Tommy Douglas wa Kanada. Nimesoma kwamba alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, kisha akaongoza jimbo la Saskatchewan na kuwaletea Wakanada matibabu ya bure. Wenzangu wananiambia huyo aliitupa Biblia akakimbilia vyeo. Ni kweli aliuacha wito? Na hayo matibabu ni yeye hasa aliyeyaleta?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusimama mbele ya vijana, maana habari za mtu huyu husimuliwa kwa namna mbili na zote humpunja. Wapo wanaomfanya malaika, na wapo wanaomwona msaliti wa mimbari. Mimi nimefundisha habari zake kwa miaka mingi, na ninavyoamini ni kwamba wito hakuutupa. Kazi ya uchungaji ndiyo iliyomsukuma kwenye siasa, na siku ilipombidi achague, aliyemwekea sharti la kuchagua alikuwa kiongozi wa kanisa lake mwenyewe. Kuhusu matibabu, ni ndiyo na siyo. Aliyapigania miaka mingi, lakini wazo halikuzaliwa kichwani mwake, na siku vita vilipowaka usukani ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Anza na mguu wake. Thomas Clement Douglas alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1904 huko Camelon, karibu na mji wa Falkirk, Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa kusubu chuma. Kabla familia haijahama, mtoto alianguka akaumia goti la kulia, na maambukizi yakazama ndani ya mfupa. Mwaka 1910 walihamia Winnipeg, Kanada, na huko mguu ukazidi kuharibika. Wazazi hawakuwa na fedha za kumlipa bingwa, kwa hiyo mtoto akalazwa hospitalini kama mgonjwa wa msaada, na madaktari wakasema hakuna njia ila kuukata. Ndipo akatokea daktari wa mifupa, R. J. Smith, aliyekuwa akifundisha wanafunzi wa udaktari. Akamwona mtoto, akawaambia wazazi kwamba atamfanyia upasuaji bila kudai hata senti, mradi wakubali wanafunzi wake wasimame wakitazama. Wakakubali, na mguu ukapona.

Tafadhali usilipite tukio hili haraka mbele ya vijana wako. Watu wengi hulisimulia kama muujiza wa wema wa daktari, na kweli Douglas alimshukuru daktari huyo maisha yake yote. Lakini alipokuwa mtu mzima alilitazama kwa jicho jingine. Alijiuliza ingekuwaje kama daktari Smith asingepita wodini siku ile, au kama angekuwa hahitaji mgonjwa wa kufundishia. Mtoto wa tajiri angetibiwa kwa vyovyote vile. Yeye alipona kwa bahati, na aliona ni aibu kwa nchi kuuachia bahati mguu wa mtoto. Nimesoma hotuba zake nyingi za siasa, na karibu kila anapofika kwenye afya, mguu ule upo nyuma ya maneno hata asipoutaja. Mtoto huyohuyo aliyekuwa akatwe mguu alikuja kuwa bingwa wa ngumi wa uzito mwepesi wa jimbo la Manitoba mwaka 1922, na mwaka uliofuata akautetea ubingwa wake.

Winnipeg ilimfundisha jambo la pili. Kulikuwa na nyumba ya huduma kwa wahamiaji maskini, All People's Mission, iliyowahi kuongozwa na mchungaji wa Kimethodisti J. S. Woodsworth. Tommy mdogo alikwenda pale kama watoto wengine wa mtaa. Woodsworth alikuwa mmoja wa wahubiri wa mkondo uliokuwa na nguvu sana katika makanisa ya Kiprotestanti ya Amerika ya Kaskazini wakati ule. Walifundisha kwamba habari njema haihusu roho ya mtu mmoja mmoja tu, bali pia mshahara wake, nyumba yake na maji anayokunywa, na kwamba Ufalme wa Mungu unaoombewa katika Sala ya Bwana unaombewa uje hapa duniani.

Kisha ukaja mgomo mkuu wa Winnipeg wa mwaka 1919. Wafanyakazi wapatao 30,000 waliacha kazi. Jumamosi ya tarehe 21 Juni polisi wa farasi walivamia umati katikati ya mji na kufyatua risasi. Douglas, akiwa na miaka 14, aliyaona yote akiwa juu ya paa pamoja na rafiki yake. Watu wawili walikufa. Woodsworth, yule mchungaji wa mtaa, alikamatwa kwa mambo aliyoyaandika kuhusu mgomo. Kwa hiyo tangu ujana wake Douglas alijua kwamba mchungaji anaweza kufungwa kwa kuwatetea wafanyakazi, na hilo halikumfanya aukimbie uchungaji. Alijifunza kwanza kazi ya uchapaji, kisha mwaka 1924 akaingia Brandon College, chuo cha Wabaptisti huko Manitoba. Alisoma miaka sita, siku za mwisho wa juma akihubiri kwenye makanisa madogo ya vijijini ili apate karo. Hapo alikutana na Irma Dempsey, mwanafunzi wa muziki, wakaoana mwaka 1930. Mwaka huohuo akawekwa wakfu, akawa mchungaji wa Calvary Baptist Church katika mji wa Weyburn, kusini mwa Saskatchewan.

Sasa utazame mwaka huo. Mdororo mkuu wa uchumi ndio ulikuwa unaanza, na Saskatchewan, jimbo lililoishi kwa ngano, lilipigwa pande zote mbili. Bei ya ngano ilianguka, na mvua nayo ikakatika. Upepo ulibeba udongo wa juu wa mashamba ukaufanya mawingu ya vumbi, watu wakaziba nyufa za madirisha kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Kisha wakaja panzi, wakala kile kidogo kilichosalia. Mchungaji kijana aliyekuja na mahubiri yake ya chuoni akajikuta anagawa nguo na viatu vya msaada na kuomba mabehewa ya matunda na mboga kutoka majimbo mengine. Hakimu wa mji alimkabidhi hata kundi la wavulana wenye kesi za wizi mdogo awalee badala ya kuwapeleka kifungoni. Na alizika watu. Alikuja kusimulia kuhusu wanaume wawili wenye umri wa miaka thelathini na kitu, wenye wake na watoto wadogo, aliowazika kwa sababu hapakuwa na daktari wa karibu wala fedha za kumtafuta wa mbali.

Umewahi kusimama kaburini, ndugu yangu, huku ukijua kwamba maiti iliyo mbele yako isingekuwa maiti kama familia ingekuwa na fedha? Mimi nimewahi. Maneno ya faraja yanatoka mdomoni, lakini yanakwama mahali fulani. Naamini Douglas alikwama hapohapo.

Mwaka 1931 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Bienfait na Estevan, si mbali na Weyburn, waligoma. Douglas alikusanya chakula akawapelekea. Tarehe 29 Septemba polisi wakawapiga risasi wachimbaji waliokuwa wakiandamana mjini Estevan, na watatu wakafa. Alirudi mimbarini na kulihubiri jambo hilo, na si kila mshirika alifurahi. Mwaka uliofuata kikaundwa chama kipya cha wakulima, wafanyakazi na wasoshalisti, kilichojulikana kwa herufi CCF, na kiongozi wake wa kwanza wa kitaifa akawa Woodsworth yuleyule. Douglas aligombea kiti cha bunge la jimbo mwaka 1934, akashindwa.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Baada ya kushindwa alikuwa anasitasita. Alikuwa na mke, mtoto mdogo na kanisa lililompenda, na kulikuwa na njia wazi ya kuendelea na masomo. Kwa masimulizi yake mwenyewe, msimamizi wa Wabaptisti wa magharibi alikuja Weyburn akamwambia aachane na siasa, na kwamba akigombea tena hatapata kanisa lingine la kulichunga. Douglas akamjibu kwamba kwa maneno hayo amekipatia chama cha CCF mgombea. Mwaka 1935 akashinda kiti cha Weyburn katika bunge la shirikisho, Ottawa. Wenzako wakisema alikimbilia vyeo, waulize ni cheo gani kilichokuwa kinamngoja katika chama kichanga ambacho mwaka ule kilipata wabunge saba tu nchi nzima.

Lipo jambo jingine ambalo lazima ulijue, na nakusihi usilifiche. Mwaka 1933 Douglas alipata shahada ya pili ya sosholojia kutoka Chuo Kikuu cha McMaster. Tasnifu yake ilihusu familia za watu alioona ni wa akili pungufu na maadili mabovu, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwatenga na hata kuwafanya baadhi yao wasiweze kuzaa. Ni maandishi yanayoumiza kusoma, zaidi kwa kuwa yametoka kwa mchungaji aliyewahurumia maskini kwa dhati. Fikra hizo zilikuwa zimeenea wakati ule miongoni mwa wasomi, wa mrengo wa kushoto na wa kulia. Hilo linaeleza chanzo chake, halimtoi lawamani. Lakini mizani ina upande wa pili. Miaka kumi na kitu baadaye, akiwa waziri mkuu wa jimbo na waziri wa afya kwa pamoja, mapendekezo ya namna hiyo yalifika mezani kwake kutoka kwa wataalamu, naye akayakataa. Jimbo jirani la Alberta lilikuwa na sheria hiyo tangu 1928, na haikufutwa hadi 1972. Saskatchewan chini ya Douglas haikuwa nayo hata siku moja.

Mwaka 1942 alichukua uongozi wa CCF wa Saskatchewan, na tarehe 15 Juni 1944 chama kikapata viti 47 kati ya 52. Ilikuwa serikali ya kwanza ya kisoshalisti kuchaguliwa Amerika ya Kaskazini. Aliliongoza jimbo miaka 17, akishinda uchaguzi mara tano mfululizo. Baraza lake lilipitisha sheria ya haki za raia mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu. Lilianzisha bima ya magari ya serikali, likaunganisha umeme kwenye makumi ya maelfu ya mashamba, na mwaka 1960 likawapa wenyeji wa asili haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo. Si kila kitu kilifaulu. Kiwanda cha viatu na cha ngozi vilivyoanzishwa na serikali katika miaka ya mwanzo vilikula hasara vikafungwa.

Kwenye matibabu nataka nikae kidogo, kwa kuwa hapo ndipo hadithi za mitaani zinapoteleza. Wakulima wa Saskatchewan walikuwa wameanza kuchangishana kumlipa daktari mshahara tangu 1915, pale wilaya ndogo ya Sarnia ilipoona daktari wake anataka kuondoka kwa kukosa kipato. Mwaka 1939 mkulima mmoja aliyeitwa Matthew Anderson, kiongozi wa wilaya ya McKillop, aliwashawishi wenzake waanzishe mpango wa kulipa dola 5 kwa mtu kwa mwaka ili watibiwe. Douglas alikuta mbegu shambani. Alichofanya ni kuikuza hadi ikaenea jimbo zima, na aliifanya polepole mno kuliko wafuasi wake walivyotaka.

Alianza mwaka uleule wa 1944 kwa kumwalika profesa Henry Sigerist wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aje kuchunguza hali ya afya jimboni. Wastaafu wenye pensheni wakapewa matibabu bila malipo, na wagonjwa wa saratani vilevile. Mwaka 1946 eneo la Swift Current likawa la majaribio, wakazi wote wakichangia na madaktari wote wakilipwa kutoka mfuko mmoja. Tarehe 1 Januari 1947 ikaanza bima ya hospitali ya jimbo zima, dola 5 kwa mtu kwa mwaka na isiyozidi dola 30 kwa familia. Zingatia neno hilo: ya hospitali. Gharama za kulazwa zilifunikwa, lakini ukimwendea daktari ofisini kwake ulilipa mwenyewe. Na kwa hiyo neno "bure" katika swali lako halikai sawa. Watu walilipa, ila walilipa kabla hawajaugua, kwa ada na kodi, kila mtu kwa ajili ya mwenzake.

Kwa nini hakumaliza kazi palepale? Hazina haikuruhusu. Jimbo alilolirithi lilikuwa na madeni mazito, na Douglas, pamoja na waziri wake wa fedha Clarence Fines, waliamini kwamba serikali inayotawaliwa na wenye benki haiwezi kumtumikia maskini. Wakalipa madeni kwanza. Nafasi ilipatikana serikali ya shirikisho ilipokubali kubeba sehemu ya gharama za hospitali za majimbo kuanzia 1958. Fedha ya jimbo iliyopumua hapo ndiyo aliyoielekeza kwa madaktari. Desemba 1959 akatangaza mpango kamili kupitia redio, yaani miaka 15 baada ya kuuahidi. Uchaguzi wa 1960 ukawa kama kura ya maoni juu ya jambo hilo moja. Chama cha madaktari kilichangisha wanachama wake fedha nyingi kuupinga, na Douglas akashinda.

Halafu akaondoka. Agosti 1961 alichaguliwa kukiongoza chama kipya cha kitaifa, NDP, kilichochukua nafasi ya CCF, na Novemba akakabidhi jimbo kwa Woodrow Lloyd, mwalimu wa shule kwa taaluma, aliyekuwa waziri wake tangu 1944. Sheria ya bima ya matibabu ilipitishwa mwezi huohuo. Ilipoanza kazi tarehe 1 Julai 1962, madaktari walio wengi walifunga ofisi zao kwa siku 23. Hebu fikiria wazazi wenye mtoto mwenye homa wiki ile. Magazeti mengi yalimshambulia Lloyd, majirani waligombana, na serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza. Lloyd hakupiga kelele wala hakurudi nyuma. Tarehe 23 Julai pande zote zikatia saini makubaliano ya Saskatoon, yaliyosimamiwa na Lord Taylor, daktari na mwanasiasa wa Uingereza. Madaktari wakabaki na uhuru wa kulipwa kwa kila huduma, na kila mkazi wa jimbo akabaki na bima yake.

Na Douglas? Wiki mbili tu kabla ya mgomo, tarehe 18 Juni, aligombea ubunge wa shirikisho mjini Regina, mji mkuu wa jimbo alilolitumikia miaka 17, akabwagwa vibaya. Hasira juu ya mpango wa matibabu ilimwangukia yeye. Ilibidi aende kutafuta kiti British Columbia, akakipata kwa uchaguzi mdogo. Mtu aliyefuata vyeo angeahirisha mpango huo hadi uchaguzi upite.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Jaji Emmett Hall, aliyeteuliwa na waziri mkuu wa Kanada, mhafidhina John Diefenbaker, kuchunguza huduma za afya, alipendekeza mwaka 1964 kwamba nchi nzima ifuate njia ya Saskatchewan. Serikali ya Lester Pearson, iliyokuwa ya chama cha Liberali na isiyo na wingi bungeni, ikapitisha sheria mwaka 1966, na kufikia 1972 majimbo na maeneo yote yalikuwa ndani. Kwa hiyo waliochangia ni wakulima, wasoshalisti, jaji aliyechaguliwa na wahafidhina, na Waliberali.

Kuna kura moja zaidi ambayo mimi huipenda kuliko zote. Oktoba 1970 watu wenye silaha waliotaka Quebec ijitenge waliteka watu wawili, na serikali ya Pierre Trudeau ikatangaza sheria ya hali ya vita iliyoruhusu kukamata watu bila kuwafungulia mashtaka. Karibu nchi nzima iliunga mkono. Douglas alisimama bungeni akapinga, akisema serikali inatumia nyundo kubwa kupasua karanga. Wabunge wenzake walimzomea na chama chake kikapoteza umaarufu. Kijana aliyeona risasi za 1919 kutoka juu ya paa hakuwa tayari kuipa serikali ruhusa ya namna ile.

Aliacha uongozi wa chama mwaka 1971, akatoka bungeni 1979, na alifariki Ottawa tarehe 24 Februari 1986 kwa saratani. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya taifa ya Kanada walimpigia kura kuwa Mkanada mkuu kuliko wote.

Ukisimama mbele ya vijana wako, lisimulie hilo la 2004, watalipenda. Lakini litaje na jina la Woodrow Lloyd. Alishindwa uchaguzi wa 1964, miaka miwili baada ya kusimama imara katika mgomo ule, na chama kilichomwondoa hakikuthubutu kuifuta bima. Alifariki mwaka 1972 akiwa kazini Korea Kusini kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, mwaka uleule eneo la mwisho la Kanada lilipokwisha kujiunga na bima ya taifa.